Vidonda vya malazi: nichukue nadharia ipi ya uuguzi, na kwa nini zote ni za zamani?

Sista_Tororo
Habari zenu wakubwa. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada juu ya vidonda vya malazi (vile vinavyompata mgonjwa anayelala muda mrefu upande mmoja) kwa wagonjwa wa kiharusi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Msimamizi kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nadharia iko wapi?" Nikifungua vitabu nakuta wanadharia wa uuguzi: Peplau, Henderson, Orem, Roy, Rogers. Karibu wote Wamarekani, na karibu wote ni wa kati ya 1950 na 1980. Kabla ya hapo wauguzi hawakuwa wakitafiti? Na mimi nichukue ipi?

MwalimuWaWadi
Karibu, sista. Walitafiti, ila mbegu ilikaa ardhini muda mrefu. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, alirudi kutoka vita vya Crimea na hesabu za vifo, akazichora mwaka 1858 kwa mchoro wa duara uliogawanywa vipande, ili hata mwanasiasa asiyependa takwimu aone kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha. Watu husema vifo vya Scutari, hospitali ya jeshi la Uingereza huko Uturuki alikofanya kazi, vilishuka kwa sababu ya wauguzi wake peke yao. Hapana. Vilishuka hasa baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 na kuzibua mitaro ya maji machafu iliyopita chini ya jengo. Ukiandika historia, usikose hapo.

Baada yake, miaka mingi aliyechunguzwa ni muuguzi mwenyewe: anafundishwaje, anafanya kazi gani, kwa nini anaacha. Ripoti ya Goldmark ya 1923 huko Marekani ni ya aina hiyo. Virginia Henderson na Leo Simmons walipopitia tafiti za uuguzi na kuchapisha mwaka 1964, walikuta za kuhusu wauguzi zimezidi mbali zile za kuhusu huduma kwa mgonjwa.

Kwa nini 1950 na kuendelea? Wauguzi walikuwa wameingia vyuo vikuu, na wengi walichukua udaktari wa falsafa katika elimu, sosholojia au fiziolojia, yaani shamba la jirani. Chuoni ukiulizwa taaluma yako ina elimu gani ya kwake, lazima ujibu. Peplau alimaliza kitabu chake 1948, kikachelewa hadi 1952 kwa kuwa mchapishaji alitaka jina la daktari wa tiba liwe juu ya jalada pamoja na lake. Mwaka huo huo wa 1952 likaanza jarida la *Nursing Research*. Nadharia nyingi za wakati huo zilijengwa ili kuthibitisha kwamba uuguzi upo, ndiyo maana baadhi ni pana mno kupimika. Rogers (1970) ni mfano: anazungumzia mtu kama uwanja wa nishati. Kwa vidonda vya malazi, utapima nini hapo?

Mkunga_Lira
Nyote mmemsahau Mwingereza mmoja ambaye kwa mada hii ndiye mwenyewe: Doreen Norton, 1962. Enzi hizo wadi za wazee zilipaka ngozi kila kitu, spiriti, mafuta, poda. Utafiti wake ulionyesha kinachosaidia ni kumgeuza mgonjwa ili shinikizo liondoke. Kipimo chake bado kinatumika: mambo matano (hali ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza, kuzuia haja), kila moja alama 1 hadi 4. Mgonjwa wako wa kiharusi: mwili 3, akili 3, kutembea 1, kujigeuza 2, haja 2. Jumla 11. Kuanzia 14 kushuka yuko hatarini. Angalieni: alama NDOGO ndiyo hatari kubwa. Wanaojaza huligeuza hili kila siku, na data yote inaharibika.

Kipimo cha Braden (1987) kinaongeza lishe na msuguano, kwa hiyo kama una muda wa kuwafundisha wanaojaza, kichukue hicho.

MwalimuWaWadi
Kweli kabisa, Mkunga. Lakini kipimo si nadharia, na msimamizi ataliona hilo. Mimi ningeweka Orem. Anasema muuguzi huingia pale uwezo wa mtu kujihudumia unapokuwa mdogo kuliko mahitaji yake. Pia ana nafasi kwa anayemhudumia mwingine, na kwa wadi zetu hapo ndipo penye utamu: usiku anayemgeuza mgonjwa ni ndugu yake anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, wala si sista mmoja mwenye wagonjwa arobaini. Basi pima uwezo wa huyo ndugu: anajua kugeuza kila saa mbili? Anajua kuinua badala ya kuburuta? Ameonyeshwa na nani?

Kosa la kawaida ni nadharia kutajwa sura ya kwanza kisha ikapotea. Kila neno la Orem unalolitumia liwe na swali lake kwenye dodoso, na lirudi sura ya majadiliano. Lisilo na swali, lifute.

Mkunga_Lira
Na jambo la ngozi. Vitabu vingi vinasema hatua ya kwanza ya kidonda ni wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, unakuja kuona ngozi imeshapasuka. Waelekeze wanaokusanya data waguse kisigino na mfupa wa juu ya makalio, walinganishe na ngozi ya jirani: joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, rangi iliyokolea kuelekea zambarau. Wawili wampime mgonjwa mmoja kila mtu peke yake, kisha mlinganishe majibu kabla hamjaanza kazi yenyewe.

Sista_Tororo
Asanteni sana. Naenda na Orem pamoja na Braden. Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, ridhaa naichukua kwa ndugu?

MwalimuWaWadi
Ndiyo, ila liandike wazi kwenye pendekezo kabla halijafika kamati ya maadili. Na akipata fahamu katikati ya utafiti, anaulizwa yeye mwenyewe upya. Akikataa, anatoka.