Naombeni ushauri: kazi ya usalama uwanja wa ndege nianzie wapi?

Kijana_Ligula: Wakuu habari za humu. Niko Mtwara mjini, form four ninayo, JKT nimepita, nataka kazi ya kukagua abiria na mizigo airport. Hela ya korosho ya mzee ipo, nimesikia kuna kozi ya AVSEC (usalama wa usafiri wa anga) Dar ila kuna jamaa anasema cheti anakitoa chapu bila kukaa darasani, sasa niko njia panda hata usingizi sipati.

Mama_Chikongola: Mwanangu hela ya korosho weka akiba ya salfa. Kaka yako hapa aliuza mikorosho akafuata ajira Dar, saa hizi analima ufuta Nachingwea kwa watu.

Mzee_wa_Shangani: Dogo, kozi zipo CATC, chuo cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pale Dar. Ila mkaguzi lazima athibitishwe, na historia yako inachimbwa kwanza, ndivyo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inavyotaka kwenye Annex 17, kanuni zake za usalama. Ile skrini ya eksirei inasomwa kwa rangi, chakula kinatoka chungwa na vilipuzi vingi navyo chungwa, chuma bluu, hilo jamaa yako atakufundisha saa ngapi? Halafu jina la NIDA na la cheti ni moja?

Kijana_Ligula: Mkuu hayo ya majina tuyaache.

Mzee_wa_Shangani: Hayaachiki. Sema.

Kijana_Ligula: Sawa. La saba nilirudia kwa jina la binamu, likaenda nalo mpaka form four. Lakini mtihani nilifanya mimi, akili ni yangu, hicho siyo cheti feki. Na jamaa nimeshampa nusu, anasema atanyoosha vyote, mzee wangu naye ameshatangaza mtaa mzima.

Korosho_Ghafi: 2017 walitajwa watumishi wa umma 9,932 wa vyeti feki, nao walikuwa na akili zao 😂

Dada_wa_Mikindani: Mnapigwa hapa. ID imefunguliwa leo, kisa kimekamilika, bado tu kuweka namba ya huyo "jamaa". Huyu ndiye dalali mwenyewe.

Kijana_Ligula: Dada namba sijaweka na siweki, muulize yeyote Ligula.

Korosho_Ghafi: Ligula nzima tukamuulize nani sasa, jina lako au la binamu?

Mzee_wa_Shangani: Awe wa kweli awe wa kutunga, wapo vijana wengi wenye shida hii wanasoma hapa. Nenda kwa wakili na vyeti vyote, mweleze ukweli mzima, jina likae sawa kisheria ndio uguse Ajira Portal ya serikali. Nusu iliyobaki usitoe.

Kijana_Ligula: Hilo la wakili linachukua muda gani mkuu? Jamaa anaitaka iliyobaki kesho.