Mrejesho: mkopo wa nyumba uliokwama Lubumbashi

Ndugu zangu, niliuliza hapa nani alipe riba ikiwa mkopo wetu unahamia benki nyingine, na hipoteki ya zamani (maandishi kwamba nyumba ni dhamana ya mkopo) haijafutwa kwenye sertifika ya nyumba, yaani hati ya umiliki. Mama mmoja alinishauri niombe tarehe ya kila hatua kwa maandishi. Aksanti sana, mama! Karatasi hizo ndizo zilizotuokoa: zilionyesha kwamba sisi tulimaliza sehemu yetu mapema, faili likalala ofisini wiki sita. Benki mpya ikakubali tathmini ileile ya nyumba, hatukulipia ya pili. Lakini riba ya wiki zile, dola 210, tumeilipa wenyewe. Iliniuma, maana ilikuwa pesa ya shule ya watoto. Jana hipoteki mpya imeandikwa kwenye sertifika.