Tupeane uzoefu: bekapu ya databesi kabla ya kuhamia seva nyingine

Wakuu wa Tanga, uzi huu ni wa wanaoshika seva za maduka, zahanati, saccos na shule. Weka amri kamili na sababu yake. Naanza na MySQL (programu ya databesi); mysqldump inatoa data, gzip inazibana kwenye faili:

mysqldump --single-transaction --routines --events duka | gzip > duka.sql.gz

--single-transaction inachukua data zote kama zilivyokuwa wakati mmoja, wauzaji wakiendelea na kazi. Hiyo ni kwa InnoDB tu (aina ya hifadhi ya majedwali). Kukiwa na jedwali la MyISAM (aina ya zamani), simamisha mfumo kwanza, la sivyo risiti itaingia na bidhaa zake zitabaki nje. Trigga (amri zinazojiendesha data ikibadilika) huja zenyewe. Prosija (amri zilizohifadhiwa ndani ya databesi) na kazi za ratiba haziji mpaka uziombe kwa --routines na --events.

Mdau wa Ngamiani:
Mkuu, hapo kwenye gzip pana mtego. mysqldump ikifa katikati, gzip inafunga faili vizuri tu kana kwamba kazi imeisha. gzip -t (kipimo cha uzima wa faili) itapita. sha256sum (alama ya kulinganisha nakala) nayo italingana seva zote mbili, maana umenakili kwa uaminifu faili pungufu. Weka set -o pipefail juu ya skripti ya bash, ili kosa la mysqldump lisifichwe na gzip, kisha:

zcat duka.sql.gz | tail -1

Lazima usome "-- Dump completed on" na tarehe. Usipouona mstari huo, rudia yote.

Mdau wa Chumbageni:
Umeme ukikatika ruta inazima, SSH (muunganisho wako na seva) inakatika, na amri inakufa nayo. Fungua tmux kwenye seva yenyewe, kazi iendelee hata ukikatika. Tuma seva kwa seva kwa rsync --partial (inabakiza kilichokwisha fika), usipitishe kwenye laptop. Na tazama nafasi kwa df -h: seva mpya inabeba faili pamoja na databesi iliyofunguliwa.

Mdau wa Raskazone:
Ukitoka MySQL 8.0 kwenda 5.7 au MariaDB ya zamani utakutana na "Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci" (collation ni kanuni ya kulinganisha maandishi). Wengi wanabadilisha kwa sed iwe utf8mb4_unicode_ci, na mara nyingi inakubali. Ila ile ya kwanza inahesabu nafasi tupu mwishoni mwa neno, hii ya pili haihesabu. "Mkonge" na "Mkonge " yalikuwa mawili, sasa ni moja, na safu yenye UNIQUE (isiyokubali marudio) inagoma: Duplicate entry. Tafuta kwa TRIM (inaondoa nafasi tupu za pembeni) yanayogongana kwenye seva ya zamani, uyaunganishe kabla ya bekapu.

Watumiaji na ruhusa zao hawamo kwenye faili hilo, waunde upya kwa CREATE USER na GRANT. Vyuu (view, hoja iliyohifadhiwa kama jedwali) ambayo DEFINER wake, yaani mtumiaji aliyewekwa kuwa mwenyewe, hayupo inatoa kosa 1449. Wa PostgreSQL (programu nyingine ya databesi): pg_dump -Fc, na pg_dumpall --globals-only kwa ajili ya watumiaji.

Mwanzisha uzi:
Nyongeza ya siku ya kuhama. Shusha TTL ya DNS (muda ambao anwani ya seva hukumbukwa na kompyuta nyingine) hadi sekunde 300 siku moja kabla. Baada ya kurejesha, linganisha kwa SELECT COUNT(*) jedwali kwa jedwali. Table_rows ya information_schema ni makadirio tu kwa InnoDB. Seva ya zamani iache na super_read_only (kusoma tu, hakuna kuandika), usiifute mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe.