Yule dada wa "natunza paka ukisafiri" hapa Dodoma: amenilisha dagaa wa paka wangu mwenyewe!

MamaChausiku (mwenye uzi):

Salamu baadaye wakuu, mtanisamehe. Ni saa saba usiku, sijavua hata viatu vya safari, na mdomoni bado nina ladha ya dagaa.

Jina simtaji, hakuna haja. Kama unaishi Dodoma na umewahi kufuga paka, tangazo lake umeliona. Yule aliyepiga picha amembeba paka mweupe kama mtoto mchanga anapelekwa kubatizwa, na chini yake maneno: "Safiri kwa amani, mwanao yuko kwa mama." Kila grupu la WhatsApp la mji huu yumo, la wapangaji, la vikoba, la wazazi wa shule, mpaka la kwaya. Mnamjua. Ukikutana naye anakuchekea meno yote thelathini na mawili.

Mama yangu mzazi alikuwa anafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho Dar. Siku tisa. Nikampigia huyo dada. Akasema elfu tano kwa siku, chakula nilete mwenyewe. Tano mara tisa, elfu arobaini na tano, nikamtumia yote siku ile ile pamoja na ya kutolea. Sikuomba kupunguziwa hata mia.

Nikaenda soko la Majengo, nikanunua kilo mbili za dagaa wa Mwanza. Jioni nzima nimekaa barazani nachambua, natoa mchanga, natoa vijiwe, nikaosha maji matatu, nikaanika, nikawakausha kikaangoni bila mafuta wala chumvi kwa sababu Chausiku chumvi haimfai. Nikawaweka kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko na kuandika kwa maka peni herufi kubwa: CHAUSIKU. Na maini nikayagawa vifuko tisa, kila kifuko siku yake. Nikamwelekeza: asubuhi konzi moja, jioni konzi moja na maini, maji yabadilishwe, na usiku alale ndani, maana huu upepo wa mwezi wa saba wa Dodoma unamkata mifupa mtu mwenye koti, sembuse paka.

"Dada usijali, huyu sasa ni mwanangu."

Kila siku saa mbili usiku picha inaingia. Chausiku amekaa chini ya kamba ya nguo, kanga ya njano inaning'inia nyuma yake. "Ameshakula, ameshiba mpaka anakoroma." Na mimi kule namwonyesha mama kwa jicho lake lile lisilo na bandeji, anasema huyo mtu umempata, usimwache.

Sasa leo. Nimeshuka treni, upepo unanichapa, nikapanda bajaji moja kwa moja hadi kwake, nimchukue mwanangu kabla hata sijafika kwangu. Saa nne usiku. Nina njaa ya kutoka Dar. Yule dada akanipokea kwa mikono miwili: "Kaa kwanza ule, umetoka mbali." Ugali wa moto. Dagaa wameungwa na nyanya na karanga. Nikala. Nikasifu! Nikamwambia dada, una mkono. Nikaongezewa.

Mtoto wake wa kama miaka mitano amekaa mkekani ananiangalia ninavyomega. Akasema:

"Anti, dagaa wa Chausiku watamu eeh?"

Wakuu. Tonge liko mkononi. Tonge lingine liko kooni.

Nikageuka. Ndoo nyeupe iko pembeni ya jiko, mfuniko wazi, mwandiko wangu mwenyewe unanitazama, ndani vimebaki vichwa na vumbi. Na kule nje kulikuwa na mlio nimeusikia tangu nashuka bajaji, nikadhani ni upepo unakwaruza bati. Ni Chausiku. Yuko juu ya bati. Amekonda mpaka mkia umekuwa mnene kuliko mwili. Ananichungulia dirishani mimi, mama yake, nakula chakula chake na kuongezewa!

Nikamuuliza yule dada. Hakuona haya hata tone. "Paka wako dagaa hali, anachagua. Na kutupa chakula ni dhambi." Chausiku! Paka ambaye ukifungua mfuko wa dagaa Area C yeye anasikia akiwa Chamwino! Na maini je? "Yaliharibika."

Kwenye bajaji ndipo nikazifungua zile picha tena. Kanga ya njano. Siku tisa kanga ile ile, pindo limekunjika pale pale, vibanio vile vile. Dodoma hii! Dodoma ambako ukianika nguo ya pili ya kwanza unaanua! Kanga gani inakaa kambani siku tisa? Picha zote alizipiga siku ya kwanza, halafu akawa ananigawia moja moja kama dozi.

Picha namsamehe. Ila lile la "Anti, dagaa wa Chausiku watamu eeh" na mimi tonge mkononi, lile simsamehe mpaka kiama. Nilisifu, wakuu. Nilimwambia una mkono.

Anayemfahamu amfikishie: elfu arobaini na tano yangu kabla ya Ijumaa.

Mzee wa Sabasaba:
Uliongezewa mara ngapi?

MamaChausiku:
Mara mbili. Na hilo silo swali.

Kijana wa Nkuhungu:
Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Elfu arobaini na tano kwa paka? Kwa elfu tano kwa siku nakuja mimi mwenyewe nikae chini ya kamba ya nguo, unipige picha mpya kila siku, na kanga nabadilisha.

Dada wa Kisasa:
NAMJUA! Ni yule yule! Mimi Pasaka nilimwachia sungura wawili. Narudi naambiwa wametoroka. Nikaenda bandani, kufuli limefungwa, funguo iko kwake. Sungura wametoroka wakafunga kufuli! Namshukuru Mungu siku ile sikula kitu kwake.

Mzee wa Sabasaba:
Hata supu hukuonja?

Dada wa Kisasa:
Niliikuta pilau. Usinitie mawazo.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Mwenye uzi, waache wanaocheka, nisikilize. Paka aliyeshinda siku nyingi bila kula usimwekee bakuli lililojaa kwa kumwonea huruma. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kuku wa kuchemsha na supu yake, bila chumvi na bila kitunguu, kitunguu ni sumu kwake. Paka si kama mbwa. Akikaa siku mbili tatu hajala, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na ini linaelemewa, na aliyekuwa mnene ndiye huumia zaidi. Ukiona fizi au weupe wa macho umegeuka njano, usisubiri kesho, nenda kwa daktari wa mifugo. Maziwa ya ng'ombe acha, paka wengi wakishakua yanawaharisha. Na wale wa kumpa panadol mnyama akionekana mnyonge, kwa paka hata kipande kinaua. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja, na kila mara aliyempa ni mtu anayempenda.

MamaChausiku:
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimemwangalia, fizi ziko sawa. Supu amelamba kidogo, sasa amelala mapajani kwangu anatetemeka. Kuku sina, nasubiri kukuche. Ila mzee, mtu anakwambia paka wako anachagua, huku mtoto wake anakuuliza watamu eeh!

Baba Wawili:
Ngojeni kwanza. Mtoto wa binadamu amekula dagaa. Uzi mzima hakuna aliyeuliza kama nyumba ile ina mboga.

MamaChausiku:
Ana gari! Ana king'amuzi! Angeniambia watoto hawana mboga, ndoo nzima ningemwachia na maini juu yake, nisingedai hata asante. Mimi nililipia, na nikatumiwa picha za uongo.

Baba Wawili:
Gari si mboga.

Wakili Asiye na Ofisi:
Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo, ya mwaka 2008. Uliyekabidhiwa mnyama ukamnyima chakula, umetenda kosa, si suala la ujirani tena. Tatizo la dada yetu ni ushahidi. Ndoo iko kwa mtuhumiwa, na sehemu ya kidhibiti ameila mlalamikaji. Mara mbili.

Fundi Bati:
Swali la kiufundi. Huyo Chausiku kafungwa kizazi?

MamaChausiku:
Bado. Kwa nini?

Fundi Bati:
Jike, siku tisa juu ya bati, usiku, Dodoma. Mimi mapaa haya nayapanda kila siku, nayajua madume yanayoishi huko. Hesabu kama siku 63 hadi 65. Hiyo elfu arobaini na tano achana nayo, andaa hesabu ya matunzo ya wajukuu.

MamaChausiku:
Mungu wangu.

Mkulima wa Zabibu:
Muacheni paka, paka amerudi mzima. Mimi nilikwenda Kondoa kuzika, siku nne tu, nikamwachia jirani kuku kumi na mbili. Narudi wapo wanne. Anasema mwewe. Mwewe gani anachukua jogoo, halafu manyoya anayakusanya vizuri kwenye dumu la taka na juu yake anaweka ndimu iliyokamuliwa?

Dada wa Kisasa:
Afadhali mwewe wako. Mimi nilimwachia binamu nyumba wiki mbili amwagilie maua. Narudi sebule imekuwa saluni. Kuna mteja yuko kwenye draya, ananiambia dada kaa kwenye foleni. Kwangu!

Mkulima wa Zabibu:
Na maua?

Dada wa Kisasa:
Yamekufa yote.

Mgogo Halisi:
Mbukwenyi. Nyie mnahangaika bure, chanzo ni dagaa. Mtu ametoka safari anapikiwa mlenda, analala. Ungekuta mlenda mezani, mtoto yule angesema nini?

Mwana wa Ujiji:
Nakazia kuhusu dagaa. Dada, hebu kuwa mkweli, ulimnunulia paka dagaa wa Mwanza, umeosha maji matatu na bado mchanga haukuisha. Labda kweli alichagua. Angewekewa wa Kigoma angelala juu ya ndoo, asingekubali mtu asogee.

Msukuma wa Mjini:
Wewe wa Ujiji koma. Dagaa wa Mwanza ndio wanalisha nchi hii.

Mwana wa Ujiji:
Wanalisha kuku. Nenda kiwanda chochote cha chakula cha mifugo uone magunia. Na msiwafananishe, wa Ziwa Victoria na wa Tanganyika ni samaki tofauti kabisa, jina tu wameazimana. Wa Kigoma ukimweka kikaangoni anatoa mafuta yake mwenyewe.

Msukuma wa Mjini:
Mchanga ni wa mwanikaji, si wa samaki. Siku hizi wapo wanaoanika kwenye vichanja, hukuti hata punje. Yeye alinunua wa kulishia paka, sasa alitegemea nini?

MamaChausiku:
Jamani turudi kwenye mada, nawaomba. Amenitumia ujumbe sasa hivi, nanukuu: "Dada uliondoka bila kuaga, mtoto ameumia. Pia hujalipa ya siku ya kumi." Siku ya KUMI! Nimefika saa nne usiku siku ya tisa! Tonge mkononi! Yaani saa mbili alizonikalisha kunilisha dagaa wa paka wangu ndizo ananidai!

Kijana wa Nkuhungu:
Saa mbili? Wewe ulikula saa mbili?

MamaChausiku:
Nilikuwa nasubiri Chausiku ashuke kwenye bati!

Msukuma wa Mjini:
Pole dada. Wewe wa Ujiji, hebu nijibu moja. Kichwa unatoa au unaacha?

Mwana wa Ujiji:
Anayetoa kichwa dagaa hajui kula.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Kichwa kinatolewa, kina uchungu.

Mwana wa Ujiji:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapa umekosea. Uchungu uko tumboni.

Mgogo Halisi:
Mlenda hauna kichwa.

Kijana wa Nkuhungu:
Kwa hiyo pale Majengo, hao wa Kigoma wanakaa upande gani? Kesho napita.