Baruti imebadilika ila namba ni ileile 4831, kipimo cha zamani kinafaa?

Mlengaji77
Wakuu heshima kwenu. Nina swali ambalo wazoefu huenda mtaliona la kitoto ila bora niulize kuliko nipoteze jicho. Najaza risasi zangu mwenyewe nyumbani huu mwaka wa tatu, kwa kibali kabisa, bunduki ni ya bolti (komeo la nyuma unalofungua kwa mkono), inatumia risasi ya .270 Winchester, ya kulenga shabaha tu. Tangu naanza nimetumia baruti moja, H4831, kipimo changu cha baruti kwa kila risasi nakijua kwa kichwa, kiko juu karibu na ukomo wa kitabu cha vipimo na bunduki inakipenda, matundu matatu unayafunika kwa sarafu moja. Sasa hiyo baruti imekata kabisa haipatikani, nilichopata ni kopo la IMR 4831. Namba ni ileile, zote ni vijiti vijiti, rangi zinafanana, nimezimwaga kidogo kwenye karatasi nyeupe nikamulika na tochi wala sioni tofauti ya maana.

Kile kipimo changu si naweza kukitumia hivyohivyo? Na kwenye kipima baruti, kile kifaa cha kumwagia baruti kwenye ganda, imebaki kama theluthi ya ile ya zamani, nimefikiria nijazie hii mpya juu yake isije ikaharibika bure. Nisaidieni, kesho ndo nilitaka nikae mezani.

babu_mizani
Kijana simama hapohapo, usijaze hata moja.

H4831 na IMR 4831 ni baruti mbili tofauti, na mbaya zaidi hiyo uliyopata ndiyo inayoungua haraka kuliko uliyozoea. Ukichukua kipimo cha juu cha ile ukakimwaga kwenye hii utapita ukomo, na .270 tayari ni risasi ya presha kubwa, ukomo wake ni pauni 65,000 kwa inchi ya mraba, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka kwenye hiyo chemba, pale risasi inapokaa.

Hiyo namba ina historia yake ndo maana inawachanganya wengi. 4831 ilianza kama baruti ya jeshi la Marekani ya mizinga ya milimita 20, vita vya pili vya dunia vikaisha ikabaki nyingi, mfanyabiashara Hodgdon akainunua akawauzia watu wanaojaza nyumbani, wakaizoea, ndiyo hiyo H. Baadaye miaka ya 1970 kampuni ya DuPont wakatoa yao, ndiyo hiyo IMR, wakaipa namba hiyohiyo lakini inaungua haraka zaidi. Na 4350 nayo ni vilevile, kuna ya Hodgdon, kuna IMR, kuna Accurate, namba moja makopo matatu na kila moja ina ukurasa wake kitabuni. Kinyume chake pia kipo, H110 na Winchester 296 majina mbalimbali ila baruti ni moja. Kwa hiyo namba haikuambii kitu, soma jina lote lililoandikwa kwenye kopo, herufi kwa herufi.

Na hicho ulichofanya na tochi sahau. Baruti haitambuliki kwa macho. Mimi nina zaidi ya miaka ishirini kwenye hii kazi, ukinimwagia punje mezani nitakwambia hizi ni vijiti, hizi ni za duara, hizi ni bapa, basi, zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha.

Kuhusu kuchanganya: HAPANA. Ukichanganya mbili unapata ya tatu ambayo haina kitabu duniani.

fundi_presi
Babu kasema yote ila ngoja nimweleweshe kwa nini, maana ukiambiwa usifanye tu bila sababu siku moja utajaribu.

Baruti ya kisasa hailipuki, inaungua, tena inaungua kuanzia juu ya punje kuingia ndani, na kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyozidi kuungua haraka. Watengenezaji wanacheza na ukubwa wa punje, umbo lake, na dawa wanayoipaka juu ili kupunguza kasi. Sasa kichwa cha risasi kikianza kutoka kwenye ganda nafasi nyuma yake inaongezeka, gesi inapata pa kwenda. Baruti ya polepole inatoa gesi huku kichwa kikiendelea kusafiri mtutuni. Ya haraka inatoa nyingi wakati kichwa bado hakijasogea hata vidole vinne, nafasi ndogo, gesi nyingi, presha inaruka. Uzito ule ule wa greini (kipimo cha uzito wa baruti), matokeo tofauti kabisa.

Halafu ile chati ya kasi za kuungua inayozunguka mitandaoni, inapanga kutoka ya haraka kwenda ya polepole basi. Haikwambii jirani wawili wameachana kiasi gani, na mpangilio wenyewe unaweza kugeuka kulingana na risasi unayojaza. Itumie kujua baruti gani haifai kabisa, usiitumie kutunga kipimo.

Kwenda upande wa polepole nako usidhani ni salama siku zote. Unaweza kukuta punje mbichi zimebaki mtutuni na mwali mkubwa mdomoni na spidi ovyo, na zipo kama hiyo H110 aliyoitaja babu ambayo ukiipunguza kupita wanavyosema wenyewe inaweza kushindwa kuwaka vizuri kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake hapo ndo tunakusoma kwenye habari.

Risasi_Moja
Jamani mnamtisha bure mtoto wa watu. Mimi nimebadilisha baruti mara kibao, nachukua kipimo cha zamani naangalia praima (kile kiwashio kitakoni mwa ganda) baada ya kufyatua, ikiwa ya mviringo vizuri naendelea, ikilala bapa napunguza. Mbona niko hai na vidole kumi.

Mama_Shabaha
@Risasi_Moja kaka na mimi nilikuwa naongea hivyohivyo mpaka siku moja.

Mimi wala sikubadilisha aina. Nilibadilisha kopo tu, baruti ileile jina lilelile ila loti mpya, yaani imetoka kiwandani awamu nyingine, kipimo kilikuwa juu ukomoni kama cha huyu ndugu. Nikajaza hamsini, nikaziacha kwenye gari juani tangu asubuhi, saa saba nikaanza kupiga. Ya kwanza teke likawa zito kidogo, nikasema ni mimi sijashika vizuri. Ya pili bolti ikakataa kunyanyuka. Nimesukuma kwa kiganja wapi, ikabidi tupeleke kwa fundi, akaigonga taratibu na nyundo ya mbao mpaka ikaachia. Ganda lilipotoka praima ikadondoka yenyewe chini, shimo lake limepanuka haliwezi hata kuishika tena, na kitakoni mwa ganda kuna alama ya duara inang'aa pale chuma kilipojichora. Zile arobaini na nane zilizobaki nilizing'oa vichwa moja moja na nyundo ya kung'olea, pa pa pa, jioni mbili nzima, mume wangu anauliza kwani unatwanga nini.

Na ile praima ya risasi ya kwanza niliikagua baadaye. Ilikuwa ya kawaida tu. Kwa hiyo hiyo habari ya kusoma praima ni sawa na kusubiri moshi ndo ujue sufuria inaungua, bunduki moja inaonyesha mapema, nyingine haionyeshi kitu mpaka umeshapita mbali.

fundi_presi
Mama umenena. Niongezee tu, kama una kronografu (kifaa cha kupima spidi ya risasi) itumie, spidi ni shahidi mzuri kuliko praima. Ukiona risasi yako inakwenda kasi kuliko kitabu kinavyosema kwa baruti hiyo, kichwa hicho na urefu huo wa mtutu, basi hukupata zawadi, hiyo spidi imelipiwa na presha. Ila pia spidi mbili kulingana si kwamba presha zimelingana, hasa baruti zikiwa tofauti.

mpekuzi_wa_zamani
Mkitaka kujua kubadilisha baruti kunaweza kuharibu nini, someni habari ya M16, bunduki ya jeshi la Marekani, kule Vietnam. Bunduki ilibuniwa na kujaribiwa na risasi zenye baruti ya vijiti ya IMR, halafu mwaka 1964 jeshi likahamia kwenye baruti ya duara, WC846. Spidi ya risasi ikafikiwa kama walivyotaka. Lakini presha ilivyofika kwenye kile kitundu cha gesi mtutuni ilikuwa tofauti, bunduki ikaanza kufyatua haraka kuliko ilivyopangwa, masizi yakawa mengi, maganda yakawa yanang'ang'ania chembani. Ilikuwepo na mengine, chemba haikuwa na kromu na askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia, lakini kamati ya bunge lao ya mwaka 1967 chini ya mbunge Ichord iliinyooshea hiyo baruti kidole waziwazi. Jeshi zima lina maabara na mainjinia, na bado. Sisi tuna meza na mizani.

Hii inawahusu zaidi wenye bunduki zinazojikoki kwa gesi. M1 Garand kwa mfano baruti ya polepole sana inaweza kupinda ile fimbo yake ya kusukumia, hata kama presha ya chembani ilikuwa ndani ya ukomo.

Risasi_Moja
Haya nimewasikia, sijasema kitabu ni kibaya. Nimesema tu sijawahi kupata shida.

babu_mizani
Hujapata *bado* mdogo wangu.

Mlengaji, fanya hivi. Rudisha baruti ya zamani kwenye kopo lake, lile lililoandikwa jina lake, kama una uhakika asilimia mia ndiyo yenyewe. Kama una wasiwasi hata kidogo usirudishe. Mezani pabaki kopo moja tu, hilo la pili lifungie kabatini chumba kingine kabisa. Tafuta ukurasa wa IMR 4831 kwenye kitabu au kwa mtengenezaji mwenyewe, uzito wa kichwa chako uleule, anzia kile kipimo cha chini walichoandika, cha KUANZIA sio cha mwisho, upande kidogo kidogo. Ukibadilisha kichwa au ganda au praima unaanza tena chini. Na msiombane vipimo humu, mtu akikosea tarakimu moja akiwa anaandika na simu wewe ndiye utakayefyatua.

Pia kipima baruti usikiamini kwa alama ya zamani. Kinapima ujazo, baruti mpya uzito wake kwa ujazo uleule si sawa, na vijiti virefu huwa vinasongamana shingoni vinashuka kidogo, halafu kinachofuata vinashuka vingi. Pima kwa mizani kila moja mpaka ukizoee.

Mlengaji77
Wakuu nimerudi. Nilikimwaga kipima chote, nikadhani kimeisha, nikapitisha brashi, nikakigeuza nikakigonga gonga, kumbe pembeni ya lile gurudumu la ndani bado vimebana vijiti sita. Sita nimevihesabu. Na ile plastiki ya juu imeanza kuwa njano, nadhani ni kwa vile huwa naacha baruti humo usiku kucha, sirudii. Sasa nimebandika kipande cha karatasi juu yake, jina la baruti lililomo linaandikwa hapo kabla sijamwaga.

Tatizo moja, kabla sijasoma majibu yenu nilikuwa tayari nimejazia mpya kidogo juu ya zamani. Kama kikombe kidogo hivi. Nafanyaje nayo?

babu_mizani
Hiyo si baruti tena ni takataka. Kiasi kidogo hivyo wengi tunaisambaza bustanini nyembamba nyembamba, ina naitrojeni mimea inaipenda. Au iunguze nje mbali na nyumba, itandaze isizidi kina cha inchi moja na uwashe kwa umbali. Usiitie kwenye chombo chenye mfuniko ukaiwasha, na usiirudishe kopo lolote "kwa muda".

Mlengaji77
Sawa babu, imeshaenda kwenye mchicha.

Mrejesho wa mwisho: nimejaza tano tano kuanzia chini kama mlivyosema, nimepiga jana. Tano za mwanzo zimetawanyika kama kuku, nikakaribia kukata tamaa. Hatua ya tatu zikaanza kukusanyika, bado sarafu haifuniki ila kiganja kinafunika, bolti laini, spidi iko chini ya kitabu kidogo. Na nilipo sasa ni chini ya ile namba niliyokuwa naijua kwa kichwa, na kitabu kinaniambia ukomo wa hii hauko mbali. Yaani ile namba yangu ningeimwaga humu jana ndo ingekuwa...

Mama_Shabaha
Usimalizie. Picha ya matundu tafadhali.