Naomba ushauri: wachezaji wapya wanakimbia gemu letu baada ya mechi za mwanzo

Nahodha_wa_Uwanja:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza gemu la mapambano la mtandaoni: wanne dhidi ya wanne, uwanja mdogo, silaha za mkononi na dawa za kurushiana. Wakongwe wanalipenda, wanacheza hadi usiku wa manane. Shida ni wageni. Mtu anajiunga, anamaliza mafunzo vizuri, anaingia mechi ya kwanza na watu halisi, anauawa mfululizo, anatoka na harudi.

Nilikaa nikatazama rekodi ya mechi ya mgeni mmoja. Alijibanza nyuma ya pipa, akatulia, mara afya ikaanza kushuka. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akaruka, adui hamwoni. Akafa. Kumbe alisimama juu ya sumu iliyomwagwa na mtu ambaye alishaondoka pale. Aliporudi uwanjani akaenda kujibanza palepale, akafa kwa sumu ileile. Wakati huohuo mwenzake wa timu anamwandikia kwenye chati: "toka, unatuharibia."

Iliniuma kwa kweli. Yule hakuwa mzembe, alikuwa anajitahidi.

Tumefikiria kuwapunguzia wakongwe nguvu, kuwapa wageni ngao kwenye mechi za mwanzo, au kuwatenga kabisa. Ila kuna saa ambazo watu walio hewani ni wachache, ukiwatenga hawapati mechi. Mliowahi kuunda gemu, kuendesha seva au kulea wageni kwenye klani (kundi la wachezaji wanaocheza pamoja), naombeni uzoefu wenu. PvP, yaani mapambano ya mchezaji dhidi ya mchezaji, isiwaelemee wageni, na wakongwe nao wasikose ladha.

FundiSeva:

Mkuu, jibu limo kwenye hiyo habari ya sumu. Kupigwa pekee hakumfukuzi mtu, kila anayeingia PvP anajua atapigwa. Kinachomfukuza ni kufa bila kujua kilichomuua. Anza hapo kabla hujagusa nguvu za mtu yeyote.

Gemu la League of Legends humwonyesha aliyekufa muhtasari wa mapigo yaliyommaliza na yalitoka kwa nani. Call of Duty humrudishia tukio kwa macho ya aliyemuua. Wewe fanya chepesi zaidi: akifa, mwonyeshe pale alipokuwa, kilichompiga, na jambo moja ambalo lingemwokoa. Moja tu. "Ulisimama kwenye sumu. Toka kwenye dimbwi la kijani, afya itaacha kushuka." Ukimwandikia matano hasomi hata moja, kwa sababu jicho lake liko kwenye saa ya kurudi uwanjani.

Na sumu yenyewe ijitangaze kabla haijaua. Ukingo wa skrini uwe kijani, mhusika akohoe, sauti ya kuchemka isikike. Ngao mliyofikiria itamchelewesha kufa, lakini atakufa bila kuelewa vilevile.

Mkongwe77:

Naomba kutofautiana kidogo na mwelekeo huu wa kulea. Utamu wa PvP ni kujua kwamba unaweza kupoteza. Mimi niliingia gemu zangu zote bila kushikwa mkono na nilijifunza kwa kupigwa. Ukilainisha kila kitu, mgeni akifika kwa wakongwe atavunjika zaidi.

NyotaYaUsiku:

@Mkongwe77 hoja yako ina uzito, na historia inakuunga mkono nusu. Gemu la Ultima Online lilitoka 1997, na wachezaji waliwindana karibu popote nje ya miji. Mwaka 2000 waendeshaji wakagawa ulimwengu wa gemu sehemu mbili: Felucca ukabaki wa hatari, Trammel ukawa wa wasiotaka kuuawa bila ridhaa. Wengi walihamia Trammel, na hadi leo wapo wakongwe wanaosema mgawanyo ule uliiua ladha ya zamani. Lakini angalia walivyohama wengi kiasi kile. Wale walikuwa wachezaji halali waliochoka kuwindwa.

Mimi napenda njia ya Albion Online, iliyozinduliwa 2017. Hatari inapanda kwa rangi za maeneo. Kwenye bluu huuawi na mchezaji mwenzako. Kwenye njano unaangushwa lakini mali yako hailiwi. Nyekundu na nyeusi, ukifa umepoteza ulichobeba. Hatari imebaki, ila anayeifuata anajua anaifuata. Nahodha, kwenu aliyekufa anapoteza nini?

Nahodha_wa_Uwanja:

Dada Nyota, anapoteza dawa zote alizookota, halafu anasubiri sekunde 20 kabla ya kurudi.

NyotaYaUsiku:

Basi hapo pana kazi. Mgeni anayekufa mara kwa mara anatumia muda mwingi akitazama skrini ya kusubiri, yaani anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayecheza muda mfupi kuliko wote. Kwenye mechi za wageni punguzeni kusubiri na mwacheni na dawa zake. Akipanda kiwango, gharama ipande naye.

HesabuTu:

Kuhusu kupanga mechi. Mfumo wa Elo, uliotoka kwenye chesi, humpa kila mtu namba moja tu inayokadiria uwezo wake. Glicko ya Mark Glickman, na baadaye TrueSkill ya Microsoft, zikaongeza namba ya pili: kiasi cha shaka juu ya ile ya kwanza. Kwa kawaida TrueSkill humwanzisha mchezaji kwenye 25 akiwa na shaka kubwa, ndiyo maana makadirio yake hubadilika haraka mwanzoni.

Mtego upo hapa: mkimwanzisha mgeni katikati ya ngazi, mnamtupa kwa watu wa wastani, na kwenye gemu lenye wakongwe wengi mtu wa wastani ni mkali. Mwanzisheni chini ya katikati, mkiacha shaka iwe kubwa. Anayejua kucheza atapanda upesi mwenyewe. Hiyo pia inapunguza madhara ya wakongwe wanaofungua akaunti mpya ili wawawinde wageni. Hao msiwaonee haya. Septemba 2023 Valve, kampuni yenye gemu la Dota 2, ilifungia akaunti 90,000 za aina hiyo kwenye gemu hilo.

FundiSeva:

Na saa zenye watu wachache, tumieni boti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta. Fortnite iliziingiza 2019 pamoja na upangaji mpya wa mechi, na kadiri mchezaji anavyoimarika ndivyo anavyokutana na boti chache. Ila kwa maoni yangu mwambieni mchezaji wazi kwamba huyu ni boti. Akija kugundua mwenyewe kwamba ushindi wake wote ulikuwa dhidi ya mashine, hatawaamini tena.

MamaKlani:

Nimelea wageni wengi kwenye klani, na kitu ambacho bado sijakiona hapa ni kazi ya kufanya. Mgeni asiyejua kuua anahitaji njia nyingine ya kuisaidia timu. Splatoon ya 2015 iliweza hilo: kwenye mechi za kawaida mshindi alikuwa timu iliyopaka rangi eneo kubwa zaidi, bila kujali nani kaua wangapi. Mtoto aliyeogopa maadui alipaka pembeni na mchango wake ulihesabiwa. Na mechi za kupanda daraja hazikufunguka hadi afike kiwango cha 10.

Wewe una dawa. Je, kutibu mwenzako kunaleta pointi? Kama hakuleti, weka. Mgeni akiona mwisho wa mechi kwamba aliokoa watu watatu, kesho atarudi.

Chati nayo: kwenye mechi za mwanzo ifunge maandishi ya bure, waachie alama za haraka kama "njoo hapa", "nahitaji tiba", "asante". Yule wa "toka, unatuharibia" hatapata pa kuandikia.

Mkongwe77:

Hili la kutibu nakubaliana nalo kabisa. Hata sisi wakongwe tutafaidika, maana hakuna anayetaka kutibu. Ombi langu moja: msipunguze nguvu za silaha zetu kwa siri. Mkitaka kumrahisishia mgeni, fanyeni kama Street Fighter 6. Kuna mpangilio wa vitufe rahisi, pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja, lakini nguvu yake inakatwa asilimia 20. Kila mtu anaijua bei hiyo.

Nahodha_wa_Uwanja:

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na wenzangu na ngao tumeiacha. Tunaanza na sumu ijitangaze, skrini ya kifo yenye sababu moja, na pointi za kutibu. Sekunde za kusubiri kwa wageni tunazishusha hadi 8. Chati ya alama inafuata, kisha boti zenye jina linaloonyesha wazi kuwa ni boti.

HesabuTu, nitakuomba uniangalizie namba za kuanzia kabla hatujaziwasha. Na Mkongwe77, toleo la majaribio likiwa tayari ningependa uingie upande wa wageni kama mtibu, uniambie kama kazi hiyo inanoga.

Mkongwe77:

Nipo. Nitumie kiungo.