Msipendekeze mfumo wa kuhifadhi namba bila kusema nani anaruhusiwa kufuta

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Familia yetu inakodisha maturubai, viti na sufuria za shughuli hapa Sinza, na katika kazi hii namba za simu ndiyo mtaji: wapishi, washereheshaji, madereva wa kirikuu, na wateja ambao ukiwahudumia vizuri kwenye msiba watakuita tena kwenye harusi. Kaka yangu alipoibiwa simu Kariakoo, tuliamua kwamba namba zote zikae kwenye seva yetu wenyewe, yaani kompyuta ya kuhifadhia, ndani ya ofisi, na kila mmoja wetu azipate kwenye simu yake. Jambo hilo linawezekana kabisa, kwani utaratibu wa CardDAV, unaosawazisha (yaani kulinganisha) majina ya kwenye simu na ya kwenye seva, una kanuni zilizoandikwa tangu mwaka 2011, iPhone inauelewa bila kuongezewa kitu, na Android inahitaji tu programu kama DAVx⁵.

Fundi tuliyemlipa alituchagulia Radicale, programu ya seva inayotumia CardDAV, kwa sababu moja, kwamba ni nyepesi na inatosha kwenye kompyuta ndogo. Siilaumu Radicale. Inahifadhi kila jina kama faili la kawaida, na maelezo yake yanaonyesha jinsi ya kuiunganisha na Git, programu ya kutunza historia ya mafaili, ili kila badiliko libaki kwenye kumbukumbu. Lakini kwa mipangilio yake ya kawaida kila mtumiaji anaona vyake tu, kwa hiyo wanaotaka kushirikiana ni lazima mtu awakalie chini, aandike nani asome na nani abadilishe. Fundi hakuandika chochote. Alifungua akaunti moja yenye nywila moja, akaiingiza kwenye simu zetu zote nne, ikiwemo ya kijana wa stoo aliyekuwa na wiki mbili tu kazini.

Kijana huyo aliona simu yake imejaa majina asiyoyajua, akayachagua yote na kuyafuta. Simlaumu hata yeye, maana hakuna aliyemwambia kwamba akifuta kwake anafuta kwa kila mtu. Majina 640 yakaondoka kwenye seva, kisha kwenye simu yangu, kisha kwenye ya dada.

Kinachoniuma zaidi kilitokea saa mbili baadaye. Kaka alikuwa Mbagala tangu asubuhi, na kwa kuwa seva yetu inafikika kwa Wi-Fi ya ofisini pekee, simu yake ilikuwa bado na majina yote. Nikampigia fundi. Akajibu bila hata kufikiri: «Mwambie aje ofisini asawazishe, namba zitarudi.» Kaka akaja, akasimama mlangoni na kofia ya pikipiki kichwani, akabonyeza. Tuliyaona majina yakitoweka mbele ya macho yetu, kuanzia Abuu wa Turubai hadi Zainabu Mpishi. Ile ilikuwa nakala ya mwisho. Kama angezima Wi-Fi kwanza, kisha akayatoa majina kwenye faili, leo nisingekuwa naandika haya.

Mtu anayelipwa kwa kazi hii anawezaje kutojua kwamba kusawazisha hubeba na ufutaji? Na kwa nini hakuweka hata nakala moja ya kila usiku, wakati ni suala la kunakili folda moja kwenye flashi?

Nimejifunza mwenyewe, kwa gharama. Nextcloud, programu nyingine ya seva, ni nzito zaidi na inataka matunzo, lakini unaweza kumshirikisha mtu kitabu cha anwani bila kumpa ruhusa ya kubadilisha, na kila mtu ana nywila yake. DAVx⁵ nayo inaruhusu kitabu kiwe cha kusomwa tu kwenye simu, ingawa hiyo ni kinga ya simu hiyo peke yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, hata kumpa kijana wa wiki mbili namba za wateja wote ni jambo la kujibu.

Dada sasa anakaa na vitabu vya risiti, ananakili namba moja moja, na wapishi hawana risiti.

Kwa hiyo nawauliza mnaoendesha mfumo wa namba unaotumiwa na zaidi ya mtu mmoja: kwenu nani anaruhusiwa kufuta, na nakala ya jana usiku ilihifadhiwa wapi?